Winga aliyeondoka bure: uchambuzi wa mkataba ulioachwa uishe wenyewe

Nani ni nani

Kisa hiki ni cha timu moja ya Kanda ya Ziwa na winga wake wa kulia. Jina la timu sitaji, daraja sitaji, msimu sitaji, na namba za hela nimezisogeza kidogo ila uwiano nimeuacha ulivyokuwa, maana bila uwiano hamna cha kujifunza hapa. Kazi yangu ni karatasi, nasaidia timu na wachezaji wa huku Mwanza kwenye mikataba na usajili, kwa hiyo hii kitu nimeiona kwa pande zote mbili, na pande zote zimekubali iandikwe ilimradi zisijulikane.

Winga tumwite Dogo, ndivyo kambini walivyomuita. Timu ilimtoa mchangani akiwa na miaka 19, wakampa mkataba wa miaka 3, hela ya usajili, ile anayopewa mchezaji mwenyewe akisaini, milioni 2, mshahara laki 6 kwa mwezi. Wakala hana. Anayemsomea karatasi ni mjomba wake, mzee wa biashara ya samaki pale Mwaloni Kirumba, shule yake iliishia darasa la saba ila kwenye hela humdanganyi.

Upande wa timu kuna watu wawili wa kuwaangalia. Mwenyekiti, mfanyabiashara, ndiye anayetoa hela mfukoni mishahara ikikwama, na kwa sababu hiyo neno lake ndio la mwisho. Na katibu, mwalimu mstaafu, mtu wa mafaili, kila barua anaiwekea nakala tatu.

Kanuni inasemaje, kwa kifupi

Mchezaji ambaye mkataba wake umeisha, au umebakiza miezi 6 au pungufu, anaruhusiwa kusaini na timu nyingine bila timu yake kulipwa ada ya uhamisho. Hiyo ni kanuni ya FIFA na TFF, shirikisho letu la soka, wanaenda nayo. Timu inayomtaka inatakiwa iiandikie timu yake ya sasa kabla ya kuanza mazungumzo, kuiandikia tu, sio kuomba ruhusa. Watu wengi hapo ndipo wanapochanganya.

Zamani haikuwa hivi. Kule Ulaya hata mkataba ukiisha timu ya zamani ilikuwa na uwezo wa kudai hela, mpaka yule Mbelgiji Jean-Marc Bosman alipoishtaki timu yake ya Liège iliyomzuia kwenda Dunkerque ya Ufaransa mwaka 1990, kesi ikaisha Desemba 15, 1995 kwa mahakama ya Ulaya kusema hapana, mkataba ukiisha umeisha. Leo ndio unaona Mbappé anatoka PSG kwenda Real Madrid 2024 bila ada, na huku kwetu kiungo Clatous Chama anatoka Simba kwenda Yanga mwaka huo huo, mkataba wake umeisha, Simba hawakupata hata senti. Mashabiki walilia usaliti. Usaliti gani sasa wakati karatasi imeisha tarehe yake?

Dirisha dogo la kwanza: milioni 40

Msimu wa pili Dogo akalipuka. Likafika dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, Januari. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi 18. Ikaja timu ya Dar na milioni 40 taslimu. Kwa timu ambayo mishahara ya wachezaji wote kwa mwezi ilikuwa haifiki hapo, hiyo ni hela.

Katibu akashauri wauze, au kama milioni 40 inaonekana ndogo basi wachukue 30 na waandike asilimia 20 ya mauzo yake yajayo. Mwenyekiti akagoma, anataka 80. Sababu zake alizitoa na sio za kijinga zote. Kwanza timu ilikuwa inapigania nafasi, ukimtoa winga katikati ya msimu unamwambia kocha nini. Pili, alikuwa na imani kwamba hata Dogo akija kuondoka baadaye, "FIFA watatupa hela ya malezi." Ishikilie hiyo sentensi, tutairudia, maana iliwafanya walale usingizi mwaka mzima.

Timu ya Dar hawakurudi na 80. Wakasubiri tu.

Julai: umebaki mwaka mmoja

Katibu akaandika pendekezo la kuongeza mkataba, miaka 2 mbele, mshahara milioni 1.5, hela ya usajili milioni 10. Dogo na mjomba wake walikuwa tayari, hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu mjomba alikuja na ile karatasi niisome na hakukuwa na kitu alichokikataa zaidi ya kutaka ile milioni 10 ilipwe kabla ya Septemba. Dogo mwenyewe alitaka kubaki, mama yake yuko hapa hapa, na kocha alikuwa anamwamini.

Pendekezo likakaa mezani kwa mwenyekiti. Halikukataliwa, halikusainiwa. Kila akiulizwa anasema "huyu mtoto wetu, ataenda wapi, tusubiri hela ya mdhamini iingie." Hela ya mdhamini ikaingia, ikalipa deni la basi na hoteli za msimu uliopita. Halafu mishahara ikaanza kuchelewa, Septemba, Oktoba, Novemba, miezi 3 kavu.

Hapa ndipo Dogo alipata ushauri wa kila aina. Kuna jamaa anajiita meneja alishuka kutoka Dar, akamkalisha kwenye mgahawa akamsainisha karatasi ya ukurasa mmoja eti anachukua asilimia 20 ya kila kitu. Leseni ya FIFA hana, na siku hizi bila hiyo leseni, ambayo inapatikana kwa mtihani, huruhusiwi kumwakilisha mchezaji. Jamaa akamwambia vunja mkataba, hawajakulipa, ondoka leo. Mjomba alipoiona ile karatasi aliichana mbele ya jamaa, na mimi hapo sina cha kuongeza.

Kuvunja mkataba kwa kutolipwa kupo kweli. Kanuni ya FIFA inasema ukidai mishahara isiyopungua miezi 2 unaiandikia klabu, unaipa siku zisizopungua 15 ilipe, isipolipa una sababu halali ya kuondoka. Dogo alikuwa na sifa zote. Wakaamua wasifanye. Mjomba alikuwa anaikumbuka habari ya kiungo Fei Toto na timu yake ya Yanga, Desemba 2022, kijana karudisha hela ya usajili na mshahara wa miezi mitatu akidhani kamaliza, TFF wakasema bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje nusu msimu mpaka Azam walipomnunua Juni 2023. Kesi ile na hii hazifanani, Fei Toto hakuondoka kwa njia hii ya barua na siku 15, lakini mjomba alichokiona ni kijana mwenye kipaji kukaa nje miezi 6. Akasema mkataba unaisha wenyewe Juni, kwa nini tugombane na kitu kinachokufa chenyewe. Wakaandika barua ya kudai mishahara tu, wakaweka nakala.

Barua ya Januari

Dirisha dogo la pili, miezi 6 imebaki kasoro siku chache. Timu ile ile ya Dar ikaja tena, safari hii na milioni 15. Mwenyekiti alivyoona 15 baada ya kukataa 40 alihisi kadharauliwa. Akajibu kwa simu, tena kwa ukali, bora aondoke bure.

Wakamchukua kwa maneno yake. Wiki ya kwanza ya Januari barua ikafika ofisini kwamba wanakusudia kuzungumza na mchezaji kwa ajili ya mkataba utakaoanza Julai 1. Barua ya heshima kabisa, ndiyo ile kanuni inayoitaka. Ofisini ikasomwa kama barua ya wizi. Kesho yake Dogo kaambiwa akafanye mazoezi na vijana. Kocha hakuulizwa.

Ikapita mechi 7 bila Dogo kuvaa jezi. Timu ilishinda moja. Mashabiki uwanjani Kirumba wakaanza kuimba jina lake, wengine wakimtukana, wengine wakimtaka, na wote walikuwa wamekaa jukwaa moja.

Mazungumzo ya Dar mjomba aliyaendesha vizuri kuliko mawakala wengi ninaowajua. Walimletea "makubaliano ya awali", kurasa 2, mshahara umeandikwa "kadiri itakavyokubaliwa". Akakataa kalamu. Akasema anataka mkataba wenyewe, wenye mshahara, hela ya usajili, tarehe za kulipa, tarehe ya kuanza na saini za pande zote, la sivyo kijana anarudi kwenye mazoezi ya watoto na watatafuta wengine. Nilimuuliza kwa nini anakazana hivyo wakati miezi 6 ni mingi, akaniambia mwanangu, mchezaji wa mkataba unaoisha ni sangara asiye na barafu, anayekuuzia anaogopa saa na anayenunua anaiangalia saa, kwa hiyo bei andika asubuhi. Wakasaini Februari: miaka 2, mshahara milioni 2.5, hela ya usajili milioni 30, 20 siku ya kuanza na 10 Desemba.

Goti

Machi timu ikawa inaangalia mtoano wa kushuka daraja. Kocha akaenda kwa mwenyekiti akasema nirudishie winga wangu au tafuta kocha mwingine. Akarudishwa. Mechi ya kwanza katoa pasi ya goli. Mechi ya pili, dakika za mwisho, kageuka kwenye nyasi mbovu, goti likabaki nyuma.

Hapa nitakaa kidogo, maana wachezaji wengi wanaoniuliza kuhusu kuondoka bure hawafikirii siku kama hii.

Mpaka Juni 30 Dogo alikuwa bado mwajiriwa wa timu ya huku, matibabu ni yao. Wakamlipia kumuona daktari na picha ya kawaida. Kipimo kikubwa cha MRI hawakulipa, hela haipo, subiri. Akakaa wiki 3 na goti limevimba, barafu analetewa na mjomba kutoka mwaloni. Mwishowe waliolipa kipimo ni timu ya Dar, na sio kwa huruma, walitaka kujua wamenunua nini. Meniski, gegedu la ndani ya goti, imechanika kidogo, haina haja ya upasuaji, kupumzika na mazoezi ya goti mpaka Julai.

Baada ya majibu simu ikapigwa kutoka Dar. Lugha tamu kabisa, mzee shikamoo, tunampenda kijana, tunaomba tu ile milioni 20 ya mwanzo tuifanye 8 halafu nyingine akishapona tumpime. Mjomba akaja kwangu. Tukafungua mkataba, tukafungua kanuni, na kanuni ya FIFA iko wazi, uhalali wa mkataba wa mchezaji hauwezi kutegemea kufaulu vipimo vya afya, vipimo vinafanyika kabla ya kusaini. Wao walisaini Februari bila kumpima, ni juu yao. Tukaandika barua fupi ya aya 2. Hawakujibu barua, ila simu ile haikupigwa tena na Julai milioni 20 iliingia.

Sasa geuza. Kama mjomba angekubali yale makubaliano ya kurasa 2, Dogo angefika Julai 1 bila timu, bila mshahara, goti bovu, na hamna mtu duniani mwenye wajibu wa kumtibu.

Karatasi ya "sina madai"

Juni mwishoni Dogo kaitwa ofisini kuchukua barua ya kuagwa. Juu ya meza karatasi ipo tayari, imeshapigwa muhuri: "Mimi mchezaji niliyetajwa hapo juu nathibitisha kuwa sina madai yoyote dhidi ya klabu." Pembeni peni. Wakati huo alikuwa anadai miezi 5, milioni 3. Kaambiwa bila kusaini hiyo hapewi barua, na bila barua Dar hawawezi kumsajili.

Hiyo ya pili si kweli. Mkataba ukiisha tarehe yake umeisha, timu mpya inaleta mkataba mpya na mfumo wa usajili unaonyesha wa zamani umekoma. Dogo akasema shikamoo mwenyekiti, naomba nikaisome nyumbani, akatoka nayo. Picha ya ile karatasi yenye muhuri ndiyo ikawa kielelezo chake cha kwanza kwenye madai.

Timu ilibaki kwenye daraja lake, lakini kwa mtoano, mechi 2 za presha ambazo zisingechezwa kama zile mechi 7 wangeokota hata pointi 4 zaidi.

Wapi walichemka, wapi walipatia

Ukiwauliza mashabiki watakwambia kosa ni kumwacha aondoke bure. Mimi sikubali. Kumwacha mchezaji amalize mkataba ni uamuzi halali kama mwingine wowote: unasema huyu simuuzi, msimu wake wa mwisho una thamani kwangu kuliko hela ya ada, namtumia mpaka dakika ya mwisho. Timu kubwa zinafanya hivyo kila mwaka. Timu hii ilikuwa na njia 3, kuuza, kuongeza au kumtumia, na haikuchagua hata moja. Ilikataa kuuza Januari ya kwanza, haikuongeza Julai, na Januari ya pili ikakataa hata kumtumia. Lile la tatu ndilo baya kuliko yote kwa maoni yangu, kwa sababu hasara ya ada ilikuwa imeshatokea tayari, wao wakaongeza hasara ya pointi juu yake, kwa hasira tu.

Tupige hesabu ya Julai. Kuongeza mkataba kungegharimu milioni 10 ya usajili na nyongeza ya laki 9 kwa miezi 12, yaani milioni 10.8, jumla milioni 20.8 kwa mwaka. Karibu nusu ya ofa waliyoikataa. Na baada ya kusaini angekuwa ana miaka 2 mbele, mtu akimtaka lazima aje mezani. Hela ya kuongeza mkataba watu wanaiona ni gharama, wakati ndiyo inayolinda ada.

Kulikuwa na njia nyingine Januari ya pili ambayo hakuna aliyeiuliza. Uza kwa milioni 15 halafu omba abaki kwa mkopo mpaka Juni. Dar hawakuwa na haraka naye, winga walikuwa nao. Timu ingepata 15, ingelipa malimbikizo ya kikosi kizima karibu mwezi mmoja, na Dogo angecheza zile mechi 7. Simu moja tu.

Sasa ile imani ya hela ya malezi. Ipo, FIFA wanayo fidia ya malezi kwa mchezaji mpaka mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23, na inalipwa hata kama mkataba umeisha, lakini ni kwa uhamisho wa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mwanza kwenda Dar haihusiki. Angevuka mpaka moja kwa moja, timu ingekuwa na cha kudai, kutegemea daraja la klabu inayomchukua. Akishapita Dar, hiyo fidia ikitokea ni ya Dar. Kinachobaki kwa timu ya huku ni ule mgao wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa inagawanywa kwa timu zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23, na kwa miaka 16 kwenda juu kila mwaka ni nusu asilimia. Misimu 3 ya Dogo ni asilimia 1.5. Ila na hiyo inataka auzwe akiwa ndani ya mkataba, akiondoka bure tena hamna ada, na asilimia 1.5 ya sifuri unaijua.

Kwa Dogo, bure haikuwa bure. Ile milioni 30 ya usajili ni hela ambayo kama angenunuliwa kwa 40 isingekuwa hivyo, pengine angepewa 10, kwa sababu timu inayonunua ina mfuko mmoja, isichompa muuzaji inampa mchezaji. Lakini aliilipia kwa miezi 5 bila mshahara, mechi 7 na watoto, na goti ambalo lingeweza kuchanika zaidi ya pale. Kilichomuokoa ni mkataba kamili wa Februari. Ninachomlaumu, yeye na mjomba, ni kwamba barua ya kudai mishahara waliandika moja tu ya Novemba, wangeandika kila mwezi kamati ya TFF isingewasumbua kuthibitisha miezi ya mwisho.

Kilichobaki mezani

Madai ya milioni 3 yalipelekwa TFF. Kabla hayajasikilizwa katibu akamshawishi mwenyekiti wakubaliane, milioni moja kila mwezi kwa miezi 3. FIFA wameshazifungia timu kadhaa za Tanzania kusajili kwa ajili ya madeni, na ingawa hili lilikuwa la ndani, hofu ile ilisaidia. Ya kwanza imelipwa, ya pili imelipwa nusu.

Katibu sasa anawaingiza vijana wa chini ya miaka 17 kwenye mfumo wa usajili mmoja mmoja, kazi iliyokuwa inadharauliwa, maana timu ya mtaani iliyomlea Dogo toka ana miaka 13 haikumsajili popote na kwenye huo mgao wa mshikamano haipo kabisa, kwa karatasi kijana ni kama alianza mpira akiwa na miaka 19.

Na kuna beki wa kushoto, mkataba wake unaisha Juni mwakani. Ofa ya kumuongeza imeandikwa tangu Agosti, nakala tatu. Saini ya mwenyekiti bado.